Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Makanisa: Turuhusuni Tuzeekee kwa Vijana

Bwana Yesu asifiwe.

Baba Maaskofu, Wachungaji, Wainjilisti wenzangu na Wazee wa Kanisa, pamoja nanyi mnaoketi kwenye vikao vya mabaraza ya makanisa, yaani CCT ya Waprotestanti, TEC ya Maaskofu Katoliki na CPCT ya Wapentekoste, nawaandikia kwa heshima yote. Mimi ni mwinjilisti, mama wa makamo, na ninahudumia vijana katika usharika mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam. Usharika wangu siutaji kwa sababu haya si ya usharika mmoja. Nimeyasikia kwa wenzangu Wamoravian wa Mbeya, Waanglikana wa Dodoma, Wapentekoste wa Mwanza, na kwa makatekista wa Kikatoliki ninaokutana nao kwenye misiba na harusi.

Ombi langu nalitanguliza ili mwenye haraka asilikose. Huduma ya vijana isiwe kituo ambapo mtumishi anasubiri gari la kwenda kwingine. Aliyeitwa huko, mwacheni akae huko hata aote mvi, na mumtunze kama mnavyomtunza mtumishi mwingine yeyote wa Mungu.

Mnajua mambo yalivyo sasa. Mchungaji akitoka chuoni, bado mbichi, anakabidhiwa vijana. Akikosekana mchungaji, anatafutwa mwinjilisti mdogo kuliko wote, au yeyote anayepiga kinanda. Anaanza kuwajua kwa majina, anaanza kuaminiwa, anafahamu nani ana shida gani nyumbani, halafu inakuja barua ya uhamisho: sasa amekomaa, apewe kazi kubwa. Anakuja mwingine, naye anaanza upya kuuliza majina. Vijana wetu wamezoea kuagana na walezi kiasi kwamba wengine hawajisumbui tena kuwasimulia lolote la moyoni.

Mimi nimeulizwa mara nyingi, tena na watu wanaonipenda, nitabaki na vijana mpaka lini. Nimewahi kuitwa nikaambiwa ipo nafasi ofisini, yenye kiti na feni, ambayo ingefaa umri wangu. Niliwashukuru na nikakataa. Nimeolewa, nina watoto na nina shamba dogo, lakini mtu akiniuliza Mungu aliniumbia nini, jibu langu ni hawa vijana. Hapa ndipo ninapojua kwa nini nimeamka. Sikulijua hilo mwaka wa kwanza. Nililijua pale waliokuwa watoto wa kipaimara walipoanza kuniletea watoto wao niwashike.

Kwa kuwa nimetaja kipaimara, naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo tunapowapotezea.

Mtoto anakuja mafundisho kwa muda mrefu, Jumamosi hadi Jumamosi, daftari mkononi. Anakariri Amri Kumi na maana yake, Imani, Sala ya Bwana. Tunajua anaishi na bibi au na baba wa kambo, tunajua asubuhi ile kanywa chai au hakunywa. Ikifika siku yenyewe, familia imeshachangisha, kadi zimezunguka mtaani, kuna ukumbi, keki na mshereheshaji. Binti yuko katika gauni jeupe, kijana ndani ya suti ya kuazima inayomvuka vidole. Anawekewa mikono, anaombewa, picha zinapigwa. Jumapili ya pili anakuja mezani pa Bwana kwa mara ya kwanza. Jumapili ya tatu wanakuja nusu yao. Likizo ikiisha, hatujui tena walipo.

Wengine tutasema wamehama, wamekwenda bweni, wamehamia makanisa mengine. Ni kweli kwa baadhi. Lakini ombeni daftari la kipaimara la miaka mitano iliyopita, lisomwe kwa sauti kwenye kikao cha baraza la wazee, jina kwa jina, na kila jina likitajwa iulizwe ni nani kati ya waliopo anajua yuko wapi. Hiyo ndiyo taarifa ya huduma ya vijana. Idadi ya nyimbo tulizoimba kwenye mashindano ya kwaya haitatuambia lolote kama hilo.

Kwaya naipenda, msinielewe vibaya. Wapo waliookolewa na kwaya, wapo waliojifunza humo kuwahi, kusikilizana na kuvumiliana. Ila tumefika mahali ambapo kijana asiyeimba hana mlango wa kuingilia. Anayeimba naye tunamwona kama sauti tu, na mabega ya kupanga viti vya plastiki, kubeba spika na kufunga turubai. Tunamshukuru kwenye matangazo, tunampigia makofi, na anarudi nyumbani na mzigo uleule aliokuja nao.

Nje ya geti letu kuna kijiwe cha bodaboda. Ibada ikiendelea, vijana wamekaa juu ya pikipiki zao na mahubiri yote wanayasikia kwenye spika. Wengi wao walipata kipaimara humuhumu ndani. Hawaingii. Wengine wanaona haya kwa mavazi, wengine kwa sadaka ambayo hawana, wengine kwa sababu mara ya mwisho walipoingia mtu aliwaangalia kuanzia viatuni kwenda juu. Mmoja wao alikuwa akinisalimia kwa honi. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo: honi, napunga mkono, basi. Jioni moja alisimama, akazima pikipiki, akanionyesha simu. Mkeka wake wa kubeti mechi za wikiendi ulikuwa umechanika kwa mechi moja ya mwisho, na hela aliyoiweka ilikuwa hesabu ya wiki ya mwenye pikipiki. Kesho yake ananyang'anywa chombo, na ana mke na mtoto mchanga. Alikuwa ameshikilia ile simu kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa isidondoke.

Hakuniomba hela. Aliniomba niende naye kwa bosi wake, nikae tu pale akiwa anaongea. Tulikwenda. Nilikunywa maji niliyokaribishwa, sikusema mengi, naye aliongea ukweli wote mwenyewe. Alipewa muda wa kulipa kidogo kidogo. Mpaka leo anaendesha, na kubeti ameacha, ingawa ananiambia Jumamosi jioni bado zinamtesa. Ibadani anakuja mara mojamoja. Mimi kwangu ni kazi ya Mungu iliyokamilika jinsi ilivyo, hata kama hataingia kwenye takwimu za mtu yeyote.

Nawauliza, viongozi wangu: kwa nini alinisimamisha mimi? Sina fedha wala cheo. Alinisimamisha kwa sababu nilimfundisha Amri ya Saba, Usiibe, akiwa na miaka 13, na alipofika miaka 24 nilikuwa bado nipo, napita njia ileile. Kama ningekuwa nimehamishwa, asingekuwa na wa kumpigia honi. Miaka ile ya salamu za barabarani ndiyo iliyokuwa huduma. Fomu zetu za taarifa hazina mahali pa kuiandika.

Nina jingine la kusema kuhusu mabinti, na nitalisema waziwazi kwa kuwa nimelishuhudia likivunja watu. Binti akipata mimba nje ya ndoa, katika makanisa yetu mengi anawekwa chini ya marudi. Anazuiwa meza ya Bwana, anatolewa kwenye kwaya, na siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya watu. Mvulana wake mara nyingi anaendelea kuimba besi, maana tumbo lake halionekani. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2 unaowaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea kwenye mfumo rasmi. Shule imefungua geti. Sisi tunaohubiri habari ya Yesu na yule mwanamke aliyeletwa mbele yake na wenye mawe, tumefikia wapi?

Siombi nidhamu ya kanisa ifutwe. Naomba kila binti wa namna hiyo awe na mtu mzima mmoja wa kanisa anayekwenda nyumbani kwao siku ile ile habari inapojulikana, kabla ya barua ya baraza. Akae na mama yake jikoni, aulize kliniki ameanza, aulize shule itakuwaje, ashike mkono. Kazi hii haifanywi na mgeni aliyefika usharikani juzi. Binti hamfungulii mlango mtu asiyemjua.

Katika Maandiko kuna usiku mmoja ninaourudia sana. Mtoto Samweli amelala hekaluni, anaitwa kwa jina, anadhani ni binadamu. Mara tatu anakimbia kwa Eli. Aliyetambua kwamba ni Bwana anayeita alikuwa mzee, macho yake yameanza kupofuka. Eli alikuwa na makosa mazito nyumbani kwake, wala Biblia haiyafichi. Lakini usiku ule alikuwepo, karibu kiasi cha mtoto kumfikia kwa mbio, na alikuwa ameishi na sauti ya Mungu muda wa kutosha kumwambia mtoto ajibu nini. Nikisoma hapo sielewi tumeutoa wapi huu utaratibu wa kwamba kijana alelewe na kijana mwenzake tu, na mtu akianza kuota mvi atolewe.

Kila Jumapili ya vijana tunasomewa 1 Timotheo 4:12, "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako." Tunaisoma kama vile imeandikwa na kijana. Iliandikwa na mzee kwa kijana aliyesafiri naye, akamfundisha, akamjua bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa majina. Timotheo alipata ujasiri kwa sababu Paulo hakumwacha njiani.

Wapo waliotutangulia katika njia hii. Yohane Bosco alipewa upadre mwaka 1841 huko Torino, Italia, wakati vijana wengi maskini walikuwa wakimiminika mjini kutafuta vibarua vya ujenzi na viwandani. Aliwakusanya, akawafundisha kusoma, akacheza nao, akawatafutia mafundi wa kuwafunza kazi. Mwanamke tajiri aliyekuwa akimlipa mshahara alimtaka achague kati ya kazi aliyompa na wale watoto wake wa mitaani. Akachagua watoto, hali hana pa kuwaweka. Alikuwa bado na vijana alipofariki mwaka 1888, mzee wa miaka 72. Leo Wasalesiani, watawa wa shirika alilolianzisha, wanafundisha ufundi Dodoma, na huko Kenya wako mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Matunda hayo yameanza na padre mmoja aliyekataa kuhama.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye Karoli Lwanga. Alikuwa mkubwa wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda katika Uganda ya leo, baada ya Yosefu Mukasa Balikuddembe kuuawa mwaka 1885. Mwenyewe alikuwa amebatizwa muda mfupi tu uliopita. Aliwafundisha wale wavulana dini, akawakinga dhidi ya matakwa ya mfalme, na alipoona kwamba kifo kimewakaribia, usiku mmoja wa Mei 1886 alibatiza waliokuwa bado, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Watu wanatembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania kwenda kuhiji pale. Nawaomba tukumbuke pia kwamba aliyewaandaa wale watoto alikuwa mlezi wao, aliyelala nao nyumba moja na kujua hofu ya kila mmoja.

Sasa niseme habari ya fedha, maana bila hiyo barua yangu itabaki maneno matamu.

Fungueni bajeti ya usharika wowote mtafute fungu la vijana. Mtakuta sare za kwaya, mtakuta nauli ya kwenda mashindanoni, pengine mtakuta kipaza sauti. Mtumishi mwenyewe anapewa posho, au anapewa asante siku ya mavuno. Wenzangu wengi wanafanya kazi hii wakiuza vitumbua asubuhi au kufundisha tuisheni jioni, na sioni ubaya wowote katika kufanya kazi kwa mikono. Paulo alishona mahema. Lakini siku mtoto wake anapolazwa, mtumishi huyo hana bima. Siku atakapochoka, hana hata mchango mmoja NSSF. Ndiyo maana anakubali uhamisho hata kama moyo wake uko kwa vijana: kwenye usharika kuna nyumba na mshahara. Mpeni mkataba, mwandikisheni NSSF, mlipieni bima yeye na familia yake. Pale ambapo usharika mmoja hauwezi, sharika tatu jirani zinaweza kumwajiri mmoja kwa pamoja.

Wa kuajiriwa wapo. Kila mwaka vyuo vinatoa vijana waliokuwa viongozi wa jumuiya za wanafunzi Wakristo: UKWATA, TAFES, CASFETA na TYCS. Wameongoza mikutano ya maombi bwenini, wamekaa usiku na mwenzao aliyetaka kujiua baada ya kufeli, wameendesha semina bila senti ya mtu. Wanarudi nyumbani na moto huo, sisi tunawapeleka sauti ya tatu. Kati yao Mungu ameita wachache kwa kazi hii maisha yao yote. Hatujawahi kuwauliza. Vyuo vyetu vya Biblia na teolojia navyo viwaandae. Wahitimu wanaokuja kwetu wanaweza kueleza matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 vizuri kabisa, lakini hawajafunzwa wafanye nini mtoto wa miaka 15 anapowaambia kwamba mjomba anaingia chumbani kwake usiku.

Na hapo nimegusa jambo ambalo mwenye busara kati yenu atakuwa ameshaliwaza. Mtu akikaa na watoto na vijana miaka mingi, akaaminiwa na wote, anaweza pia kuitumia imani hiyo vibaya. Imetokea makanisani. Kwa hiyo naomba tubanwe kuliko tunavyobanwa leo. Asikae mtu mzima peke yake na mtoto chumba kilichofungwa, hata kwa maombi. Safari na kambi ziwe na walezi wa kike na wa kiume. Awepo mtu nje ya idara ya vijana, mwenye namba ya simu iliyobandikwa ukutani, ambaye mtoto anaweza kumweleza habari zetu sisi walezi. Jambo likitokea lifike Dawati la Jinsia na Watoto polisi, lisimalizwe ofisini kwa mchungaji kwa kuombana msamaha. Tunayo Sheria ya Mtoto tangu 2009. Na iwe kwenye mafunzo ya kila mlezi. Uhamisho wa kimyakimya wa mtumishi mwenye tuhuma ni dhambi dhidi ya watoto wa usharika anakopelekwa.

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimwita kijana mtu wa miaka 15 hadi 35. Kanisani hesabu yetu ni nyingine. Binti akiolewa na miaka 22 tunamhamishia kwa akina mama kesho yake, akajifunze kunyamaza mbele ya wakubwa. Kaka wa miaka 38 ambaye hajaoa anabaki kwa vijana na watoto wa kidato cha pili. Mnaotunga miongozo mlitazame na hilo, nami nisilirefushe hapa.

Kuna saa ambazo kazi hii ni nzito. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu haizimwi, maana najua wapo watakaonipigia. Nimekaa sakafuni na mtoto aliyepata sifuri, mama yake amejifungia chumbani analia, na sikuwa na andiko la kusema. Nilimenya naye viazi. Tulipomaliza sufuria aliniuliza kama VETA wanachukua watu kama yeye, nikamwambia twende tukaulize. Sijui kazi nyingine duniani ambayo ningeibadilisha na saa ile.

Viongozi wangu, najua kwamba kabla mwaka haujaisha mtakaa na orodha za uhamisho. Kabla hamjatia sahihi, mwiteni kila mtumishi wa vijana mmoja mmoja mumuulize kama anataka kubaki. Atakayesema hapana, mpeni kazi nyingine kwa amani, asionekane ameshindwa. Atakayesema ndiyo, mwandikieni barua ya kumbakisha, yenye jina la kazi yake, mshahara wake, na jina la mtu atakayemkagua. Jibu langu mimi nimeshalipeleka kwa maandishi kwa mkuu wangu: naomba kubaki.

Wenu katika kazi ya Bwana,

Mwinjilisti, huduma ya vijana
Dar es Salaam